Anzia mkiani: jibu kwa mwanafunzi wa uuguzi anayelizwa na maneno ya kitabibu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uuguzi hapa Mbeya, nyumbani ni Tukuyu. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari nikasoma kwa Kiingereza cha kubahatisha, na sasa nimekutana na maneno ambayo hata Kiingereza naona si Kiingereza. Nakariri mpaka saa sita usiku, nikiamka yameyeyuka. Juzi mkufunzi aliandika ubaoni "glomerulonephritis", machozi yakanilengalenga. Anatuambia tujifunze mizizi ya Kigiriki na Kilatini. Je, huko si kuniongezea gunia juu ya gunia? Lugha mbili zinanielemea, nitaziweza nne?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Swali lako nimelisoma mara mbili. Nimefundisha baiolojia sekondari kwa miaka mingi, Iringa kwanza kisha Mbeya, na sasa nafundisha istilahi kwenye chuo cha afya. Swali kama lako huletwa kwangu kila mwaka, na wanaolileta mara nyingi ni watoto wenye akili nzuri waliobakiza kidogo tu wafungashe virago warudi nyumbani. Kwa hiyo nianze na jibu lenyewe: hapana, huongezewi gunia. Hujifunzi Kigiriki wala Kilatini. Hutasalimia mtu kwa lugha hizo wala kununulia nyanya. Unachohitaji ni vipande vya maneno, mia moja hivi kwa kuanzia, na kazi ya kupasua neno vipande umekuwa ukiifanya tangu ulipoanza kusema.

Chukua neno "hawatatuchelewesha". Ha- inakanusha, -wa- ni wao, -ta- ni wakati ujao, -tu- ni sisi, -chelew- ndio mzizi, -esh- inaleta maana ya kusababisha, na -a inafunga. Vipande saba ndani ya neno moja, na mtoto wa darasa la kwanza pale Tukuyu akilisikia anaelewa papo hapo. Hakuna aliyewahi kumwandikia neno hilo kwenye orodha ya kukariri. Hata kama hajawahi kulisikia maishani mwake ataelewa, kwa sababu vipande vyake anavijua. Mgeni anayejifunza Kiswahili ndiye anayelengwalengwa na machozi mbele ya neno hilo, kama wewe mbele ya lako. Maneno ya kitabibu yameundwa kwa mtindo huohuo wa kuunga vipande, na sisi tuliolelewa kwa Kiswahili, Kinyakyusa, Kihehe au Kibena tunaingia kwenye kazi hii tukiwa na mkono uliokwisha kuzoea jembe. Kinachotukwamisha ni kwamba hakuna aliyetuonyesha mahali pa kukata.

Tofauti kubwa ni mpangilio. Sisi tunatanguliza kitu, kisha tunakieleza: elimu ya uhai, uvimbe wa ini. Wagiriki waligeuza: uhai-elimu, ini-uvimbe. Baiolojia imeanza na bios, uhai, ikamalizia na -lojia, elimu. Ndiyo maana ukilivamia neno refu kutoka kushoto unapotelea njiani: unapewa maelezo kabla hujajua ni maelezo ya nini. Anzia mkiani. Mkia ndio unaosema kama jambo ni ugonjwa, upasuaji, elimu au hali ya damu. Kisha rudi kichwani ukaone kama kuna kiambishi. Mwisho ingia tumboni, ambako utakuta kiungo chenyewe cha mwili.

Ushahidi umo kwenye Kiswahili chenyewe. Shule ya msingi ulifundishwa kwamba mimea hujitengenezea chakula kwa usanisinuru. Ulipofika sekondari ukaambiwa "photosynthesis", ukadhani ni jambo jipya. Photo- inatoka kwenye neno la Kigiriki la nuru, synthesis ni kuunganisha, yaani kusanisi. Waliolitafsiri hawakufanya zaidi ya kuligeuza likae kwa utaratibu wetu: sanisi mbele, nuru nyuma. Ingia pia duka lolote la pembejeo ukaone. Sisi tunasema kiuatilifu na kiuagugu, "kiua" iko mbele. Kwenye lebo ya kizungu, pesticide na herbicide, kuua kumekaa mwishoni, -cide, kutoka kitenzi cha Kilatini caedere. Ni neno lilelile limesimama kichwa chini miguu juu.

Sasa tuushike mkia mmoja, na tuushike vizuri kuliko mingine yote. Rungwe, wilaya yenu huko Tukuyu, ni nchi ya ng'ombe wa maziwa, basi naamini umewahi kumsikia bwana mifugo akisema mastaitisi (mastitis). Kiwele kimevimba, ukikigusa kina moto, kimekuwa chekundu, ng'ombe anarusha teke kwa maumivu, na maziwa yanatoka na mabonge. Mastos kwa Kigiriki ni titi. Kilichobaki, -itis, ndicho hicho ulichokiona kwa macho yako kwenye banda: uvimbe, joto, wekundu, maumivu. Mroma mmoja aitwaye Celsus aliandika dalili hizo nne katika karne ya kwanza, na mpaka leo wanafunzi wa udaktari wanafundishwa zilezile. Ukikutana na neno lolote linaloishia na -itis, liwe limetoka kwa mtu au kwa mnyama, kumbuka kile kiwele. Kisha uliza: safari hii kinachowaka ni nini? Gaster ni tumbo la chakula, basi gastritis. Hepar ni ini, basi hepatitis. Derma ni ngozi, dermatitis. Meninx ni utando, meningitis ni kuvimba kwa utando unaofunika ubongo. Na hili hapa: pericarditis. Mkiani kuna -itis. Kichwani kuna peri-, kuzunguka. Tumboni kuna kardia, moyo. Kilichovimba ni ule mfuko unaouzunguka moyo. Umelisoma neno ambalo pengine hujawahi kufundishwa.

Angalia lakini neno halikusema nini. Halikusema kimelea ni kipi, wala kama kimelea kipo. Nasisitiza kwa sababu mtaani kwetu ukisema hepatitis, mtu anafikiria virusi moja kwa moja, na wanandugu wanaanza kutazamana vibaya. -itis inasema ini linawaka, basi. Pombe inaweza kuliwasha, dawa zinaweza, na kinga ya mwili yenyewe inaweza kuligeukia. Chanzo kinatafutwa kwa vipimo na kwa kumsikiliza mgonjwa.

Mkia wa pili unaostahili kukaliwa ni -emia, damu, kutoka haima ya Kigiriki. Ile h ya mwanzo humezwa neno likiingia katikati, ndiyo maana unaiona kwenye hemoglobini lakini huioni kwenye anemia. Anemia ni an- na damu, "bila damu", na hii an- (au a- tu, mbele ya konsonanti) inafanya kazi ya ha- yetu ya kukanusha. Leukemia ni leukos, nyeupe, pamoja na damu, kwa kuwa seli nyeupe zimezaliana kupita kiasi. Na hapa naomba usimame nami kidogo kwenye vipande viwili ambavyo vikichanganywa mtu anaweza kupoteza maisha.

Mwaka mmoja nilikwenda na wanafunzi wodini, hospitali sitaitaja. Ilikuwa saa ya kupokezana zamu asubuhi. Mwanafunzi mmoja alipewa faili asome kwa sauti, akasoma "haipaglaisimia". Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima, hakugomba. Alimsogelea, akaweka ncha ya kidole chini ya herufi moja, akasema, "Rudia hapa, mwanangu." Ilikuwa o. Faili liliandika hypoglycemia: hypo-, chini, glyk-, tamu, -emia, damu. Sukari ya mgonjwa ilikuwa imeshuka. Yule kijana alikuwa ametuambia kwamba imepanda. Aliyeshukiwa na sukari anahitaji sukari upesi. Akidhaniwa imempanda, akachomwa insulini, anaweza kuzimika palepale kitandani. Tangu siku ile nawafundisha hivi: herufi o ni mdomo wa shimo, na shimo ni chini. Hypo- ni chini, hyper- ni juu au kupita kiasi. Na kama bado unasita, kumbuka sindano ya kuchoma chini ya ngozi, "hypodermic": chini, ngozi. Hiyo umeishika mkononi, haitakutoroka. Midomo yetu inatamka haipa na haipo karibu sawa, kwa hiyo ukiwa unatoa ripoti usione haya kuongeza kwa Kiswahili, "yaani sukari imeshuka."

(Insulini nayo ina kipande kizuri. Insula ni kisiwa kwa Kilatini. Seli zinazoitengeneza zimekaa makundi makundi ndani ya kongosho kama visiwa ziwani.)

Kuna jambo jingine linalotuponza sisi hasa, nalo ni tahajia yetu nzuri. Kiswahili kinaandika kinachosikika, basi tukaandika nimonia na saikolojia. Herufi zilizonyamaza tukazitupa, na pamoja nazo tukatupa undugu wa maneno. Nimonia kwenye kitabu chako ni "pneumonia", na ile p ya mbele isiyotamkwa ndiyo ufunguo. Pneumon ni pafu, pnoe ni pumzi. Ukiiona p hiyo utawatambua ndugu zake wote: apnea, kukatika kwa pumzi, dyspnea, kupumua kwa shida, tachypnea, kupumua haraka haraka. Ukibaki na nimonia ya Kiswahili peke yake, hao watakuwa wageni kwako mmoja mmoja. Vivyo hivyo ch ya Kigiriki: usiisome kama ya chai, isome k. Na ph ni f. Ni mazoezi ya siku mbili, hayazidi.

Utajiuliza kwa nini figo ina majina mawili, ren- hapa na nephr- pale. Historia inajibu. Tiba ya Warumi ilishikwa kwa sehemu kubwa na Wagiriki, na karne nyingi baadaye, watu wa Ulaya walipopasua maiti na kuchora viungo, waliandika kwa Kilatini. Kwa hiyo kiungo kikiwa salama mara nyingi kinaitwa Kilatini, kikiugua kinaitwa Kigiriki. Mshipa wa figo unatumia ren-, kuvimba kwa figo ni nephritis. Mshipa wa pafu unatumia pulmo, ugonjwa wa pafu ni pneumonia. Si sheria isiyovunjika, lakini itakusaidia usiku wa mtihani. Mfano ninaoupenda ni homoni inayokupandisha mapigo ya moyo ukikoswa na bodaboda pale Mwanjelwa. Wengine wanaiita adrenalini, wengine epinefrini, na wanafunzi wanadhani ni dawa mbili. Ad- ni kwenye, ren ni figo. Epi- ni juu ya, nephros ni figo. Tezi inayoitoa imekaa juu ya figo kama kofia. Moja kwa Kilatini, nyingine kwa Kigiriki, kitu kimoja.

Nikiingia darasani kwa mara ya kwanza huwa naenda na kiazi mviringo mfukoni. Nakiweka mezani, nawaambia waandike jina lake la kisayansi, Solanum tuberosum. Kisha nauliza kiazi hiki kina uhusiano gani na kifua kikuu. Kimya. Tuber kwa Kilatini ni nundu, kitu kilichotutumka. Shika kiazi utaelewa. Kilatini kina njia yake ya kudogosha, kama sisi tunavyosema kijiti na kitoto: -culum au -culus kwa nyuma. Tuberculum ni kinundu. Madaktari wa Ulaya walipofungua mapafu ya waliokufa kwa kifua walikuta vinundu vidogo vidogo, wakaita ugonjwa kwa kile walichokiona, tuberculosis. Mwaka 1882 Robert Koch alipotangaza bakteria anayeusababisha, jina lilikuwa limekwisha kukaa. Kiswahili kiliutazama ugonjwa huohuo upande wa mgonjwa aliye hai anayekohoa, kikauita kifua kikuu. Mimi naona majina yote mawili yana macho, ila yamesimama pande mbili za kitanda.

Na hiyo -culus ikae nawe, utahitaji udogo huo kabla hatujaachana. Hata musculus, neno la Kilatini la msuli, ni kipanya: mus ni panya. Kunja mkono, tazama kinachotembea chini ya ngozi.

Viazi vinanipeleka shambani zaidi. Mvua ikizidi huku nyanda za juu, majani ya kiazi yanapata madoa ya rangi ya majivu na kahawia, na ndani ya siku chache shamba zima linanuka. Wakulima wanaita ukungu, mabwana shamba wanaita bakajani chelewa. Mwenye kosa ni Phytophthora infestans. Phyton ni mmea, phthora ni uharibifu. Jina lake ni mharibu mimea, na ndiye aliyeteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, watu wakafa njaa. Nduguye, Phytophthora cinnamomi, anaozesha mizizi ya parachichi, kwa hiyo anawahusu hata nyumbani kwenu Rungwe. Cinnamomi maana yake "wa mdalasini", kwa kuwa kwa mara ya kwanza alikutwa kwenye miti ya mdalasini huko Sumatra.

Panda tena mpaka Kitulo, ile hifadhi iliyotangazwa mwaka 2005 ambayo watu wanaiita Bustani ya Mungu. Wageni wanakuja kutazama maua ya okidi, yapo zaidi ya aina 40. Wenyeji wanayafahamu kwa viazi vyake vilivyo chini ya ardhi, ambavyo huchimbwa na kupelekwa Zambia kupikwa chakula kiitwacho chikanda, mpaka maua yenyewe yamekuwa hatarini. Chimba okidi mmoja wa namna hiyo utakuta viazi viwili vimekaa pamoja, kimoja cha mwaka uliopita kilichoanza kunywea na kimoja kipya. Wagiriki wa kale walikuwa na okidi za jinsi hiyo kwao, wakatazama vile viwili, wakaliita ua orchis, korodani. Sasa wodini ukiletewa kijana aliyepata matumbwitumbwi kisha korodani zikavimba, faili litaandika orchitis. Mkia unaujua tayari. Ua linalopendeza kuliko yote Kitulo na maumivu ya kijana yule vimetoka kwenye mzizi mmoja, na ukishaliona hilo hutalisahau hata ukitaka.

Kwa namna hiyo kipande kimoja kinakulipa mara nyingi. Lithos ni jiwe. Wanahistoria wanaitumia wakizungumzia zama za kale za mawe, zile zana zilizokutwa Isimila karibu na Iringa, nawe utaikuta kwenye nephrolithiasis. Jaribu mwenyewe kutoka mkiani: -iasis ni hali, lith- ni jiwe, nephr- umekwisha kuifahamu. Tom- ni kukata. Mkia -ectomy ni kukata na kutoa nje, kama wanavyofanya kwa kidole tumbo. Anatomia ni kukata kata mpaka mwisho. Atomu ni isiyokatika.

Hapo kwenye atomu ndipo pa kukuonya. A- ya atomu ni "si", lakini ana- ya anatomia si kanusho hata kidogo, maana yake ni juu au kotekote. Anayekimbilia kukata vipande atasema anatomia ni "bila kukata", atakosa alama na atakosa maana. Kibaya zaidi ni ped-. Kwa Kigiriki pais, paidos, ni mtoto, ndiyo tunapata pediatria, tiba ya watoto. Kwa Kilatini pes, pedis, ni mguu. Na kuna pedon ya Kigiriki, ardhi, basi mtaalamu wa pedolojia kwenye utafiti wa kilimo pale Uyole anapima udongo na hana habari na mtoto wala mguu. In- ya Kilatini nayo ina sura mbili: mara ni ndani, mara ni "si", kama katika insomnia, kukosa usingizi. Kwa hiyo ukipata maana kwa kupasua, ichukue kama dhana yenye nguvu, kisha fungua kitabu uhakikishe. Hakuna aibu katika hilo. Mimi bado nafungua.

Onyo la pili ni zito zaidi, na walimu wengi hawalisemi. Kipande kinakuambia aliyelitoa jina alifikiri nini siku ile. Hakikuambii kama alifikiri sawa. Mfaransa Lavoisier, karne ya 18, aliita gesi moja oksijeni, "mzaa asidi", akiamini kila asidi ina gesi hiyo ndani yake. Asidi iliyomo tumboni mwako sasa hivi, ya hidrojeni na klorini, haina oksijeni hata chembe. Malaria ni Kiitaliano, mtoto wa Kilatini: hewa mbaya. Watu waliamini homa inatoka kwenye harufu ya madimbwi, mpaka mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, alipomwona kimelea ndani ya mbu. Atomu isiyokatika ilipasuliwa Berlin mwaka 1938. Na mamlaka zetu za hali ya hewa zinafanya meteorolojia bila kugusa kile kimondo (meteorite kwa Kiingereza) cha Mbozi, kwa sababu meteoron kwa Wagiriki ilikuwa kitu chochote kilicho juu angani, mawingu, mvua na mawe yanayoanguka vyote pamoja. Soma vipande kama unavyosoma jina la mtu. Anayeitwa Masika pengine alizaliwa wakati wa mvua, lakini jina halikuambii kama leo anaumwa.

Wala usidhani mlango huu ni wa Wagiriki na Warumi peke yao. Mwaka 2005 wanasayansi walitangaza nyani mdogo wa misitu ya Rungwe na Udzungwa ambaye wazee wenu walimfahamu siku zote, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe: Rungwecebus kipunji. Kebos ni Kigiriki, tumbili mwenye mkia mrefu. Rungwe ni mlima wako. Kipunji ni jina mlilompa ninyi Wanyakyusa. Mtafiti wa Japani anayemwandika mnyama huyo leo analazimika kuandika Kinyakyusa.

Kuhusu namna ya kusoma, nitakuambia ninavyowaambia wangu. Acha orodha za alfabeti, zinachosha na hazina undugu ndani. Chukua daftari, kila kipande ukurasa wake. Andika kipande juu, maana yake kwa Kiswahili, na kitu kimoja ulichokiona kwa macho: kiwele kwa -itis, kiazi kwa tuber, shimo kwa hypo-. Kisha kila neno jipya unalokutana nalo wodini uliandike kwenye kurasa za vipande vyake vyote. Vipande vitano kwa siku vinatosha. Baada ya wiki tatu utaona kurasa zimeanza kujaa zenyewe, na hapo ndipo ile kazi ya usiku wa manane inapoanza kupungua. Andika maana kwa Kiswahili, narudia. Ukitafsiri Kigiriki kwa Kiingereza ambacho nacho hujakishika, unabeba maji kwa pakacha.

Sasa lile neno lako la ubaoni. Anzia mkiani: -itis, kile kiwele. Rudi hatua moja: nephr-, figo. Figo inawaka. Kilichobaki ni glomerulo-, na huyu ni Mlatini aliyeungwa na Wagiriki wawili. Glomus ni donge la uzi, kama lile la mfumaji wa sweta. Glomerulus, kwa ule udogo tuliousema, ni kidonge kidogo cha uzi. Ukitazama figo kwa hadubini utaona mishipa myembamba ya damu imejiviringisha hivyohivyo, vidonge karibu milioni moja kwa kila figo, na humo ndimo damu inamochujwa. Kwa hiyo: kuvimba kwa vidonge vya kuchujia vya figo. Na kwa kuwa unajua kinachowaka ni chujio, huhitaji kukariri dalili. Chujio likiharibika damu inapenya, mkojo unakuwa na rangi kama chai ya rangi. Maji hayatoki vizuri, mtoto anaamka uso umevimba, na shinikizo la damu linapanda.

Neno halikukuambia chanzo, kama tulivyokubaliana. Kwa watoto mara nyingi hutokea wiki moja mpaka tatu baada ya maambukizi ya koo, au wiki tatu mpaka sita baada ya vidonda vya ngozi, na anayehusika sana ni Streptococcus. Streptos ni kilichosokotwa, kokkos ni punje. Wiki utakayoingia maabara omba uonyeshwe: hao wamefuatana kama shanga kwenye uzi, na wale wengine, Staphylococcus, wamejikusanya pamoja, maana staphyle ni kichala cha zabibu.